Mtandao Ukipotea Kazi Isisimame: Jinsi ya Kutumia Laini Mbili za Intaneti

Mkaazi wa Kaptama anayekuja mjini Kapsokwony kujaza ritani za KRA siku ya mwisho, tarehe 30 Juni, huondoka nyumbani mapema. Hulipa bodaboda, hupanga foleni kwenye saiba, na zamu yake ikifika huambiwa maneno ambayo sote tumeyasikia: "Mtandao umepotea, ngoja kidogo." Kidogo hicho huweza kuwa saa moja, saa tatu, au hadi jioni. Siku ikipita kabla ritani haijaingia, anayelipa si mwenye saiba wala kampuni ya intaneti. Ni yeye, kwa faini isiyopungua Sh2,000, pamoja na nauli na kibarua cha siku nzima alichokiacha.

Hali ni hiyohiyo kwa mwanafunzi anayetuma maombi ya chuo kupitia KUCCPS, kwa mama anayetaka kujisajili na SHA kabla ya kujifungua, na kwa kijana anayeomba cheti cha maadili mema kwenye eCitizen ili apate kazi. Huduma nyingi za serikali sasa hupatikana mtandaoni, na mtandao ukipotea ni sawa na ofisi kufungwa.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutumia laini mbili za intaneti kwa pamoja ili moja ikikatika kazi iendelee, na jinsi zinavyoweza kuongeza kasi. Yanawahusu hasa wenye saiba, shule, vituo vya afya, vyama vya ushirika na biashara ndogo. Hata hivyo, aliye na simu moja tu mkononi atapata humu la kumfaa.

KWA NINI LAINI HUKATIKA

Ombi lako linapotoka kwenye kompyuta hapa Kapsokwony hupita mikononi mwa wengi. Kwanza hufika kwenye ruta, kile kisanduku chenye taa zinazomemeta. Kutoka hapo huenda kwenye mnara wa simu, kwenye waya wa faiba uliopita juu ya nguzo au chini ya ardhi, au kwenye setilaiti. Kisha husafiri hadi vituo vikubwa mijini, na kama tovuti unayoitafuta iko ng'ambo, huteremka hadi Mombasa na kuingia kwenye kebo zilizolazwa chini ya bahari.

Kila hatua ina udhaifu wake. Stima ikipotea, ruta huzimika. Mti ukiangukia nguzo wakati wa mvua, au trekta la kuchimba barabara likigusa waya, faiba hukatika. Mnara ukikosa umeme na betri zake zikiisha, simu zote zinazoutegemea hukosa mtandao. Kwetu mlimani kuna na jambo jingine: ridge na mabonde huzuia mawimbi ya minara, hivyo nyumba mbili zilizo karibu zinaweza kupata mtandao tofauti kabisa.

Hata kebo za baharini hukatika. Kabla ya mwaka 2009 Kenya haikuwa na kebo hata moja ya faiba ya baharini na ilitegemea setilaiti. Mwaka huo zilifika TEAMS, inayotoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, na SEACOM. Mwaka 2010 ikafuata EASSy. Mwezi Februari 2012 meli iliyotia nanga karibu na bandari ya Mombasa ilikata TEAMS, siku chache tu baada ya kebo nyingine kukatika katika Bahari ya Shamu. Intaneti ilipungua kasi nchini kote, lakini haikuzimika, kwa sababu njia zilizosalia zilibeba mzigo.

Jambo kama hilo lilitokea tena Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikaathirika. Wengi wetu tunakumbuka WhatsApp ilivyokuwa nzito siku hizo. Kebo ya TEAMS haikuguswa safari hiyo, na data ya Kenya ikapitishwa humo.

Hilo ndilo funzo la makala haya. Nchi haitegemei kebo moja. Saiba, shule au zahanati inayohudumia watu mia kwa siku nayo haifai kutegemea laini moja.

NJIA TATU ZA KUTUMIA LAINI MBILI

Watu wengi hudhani kwamba ukinunua laini ya pili na kuichomeka, kasi itaongezeka mara mbili papo hapo. Sivyo. Kuna njia tatu, na kila moja inafanya kazi tofauti. Ni vyema kuzijua kabla hujatoa pesa.

Njia ya kwanza: laini ya akiba. Hii ni kama gurudumu la spea kwenye matatu. Kazi yote hupita kwenye laini kuu. Laini ya pili hukaa tu ikisubiri. Laini kuu ikikatika, ruta huhamisha kazi kwenye akiba, na ikirudi, huirudisha. Kuhama huchukua sekunde chache hadi dakika moja, kulingana na ruta ilivyopangwa. Anayepiga simu ya video atakatika na kupiga tena. Anayesoma au kujaza fomu huenda asigundue lolote. Njia hii haiongezi kasi hata kidogo, lakini ndiyo rahisi na ndiyo inayowafaa wengi.

Njia ya pili: kugawana kazi. Hapa laini zote mbili hufanya kazi kwa wakati mmoja. Fikiria matatu mbili zinazotoka Kapsokwony kwenda Kimilili. Abiria wakigawanywa kwenye gari zote mbili, stendi itaisha watu haraka. Lakini abiria mmoja hafiki mapema kwa kuwa kuna gari la pili. Yeye amepanda moja tu. Ndivyo ilivyo kwa intaneti. Kompyuta kumi za saiba zikigawanywa kwenye laini mbili, msongamano hupungua na kila mteja huona nafuu. Ila mtu mmoja anayepakua faili moja kubwa hupata kasi ya laini moja tu, ile aliyopangiwa. Laini moja ikikatika, wote huhamia iliyobaki: kasi hupungua, lakini kazi haisimami.

Njia ya tatu: kusokota laini. Nyuzi mbili zikisokotwa huwa kamba moja yenye nguvu. Kwa njia hii hata faili moja hugawanywa vipande, vingine vikapita laini ya kwanza na vingine ya pili. Fikiria mkulima mwenye gunia la viazi na bodaboda mbili zisizoweza kulibeba zima. Akiligawa kwa debe, kila bodaboda ikabeba sehemu yake, mzigo utafika mapema. Lakini lazima kuwe na mtu kule sokoni anayepokea debe kutoka kwa bodaboda zote mbili na kulijaza gunia upya kwa mpangilio. Mtu huyo kwenye intaneti ni kompyuta ya mbali, iitwayo seva, inayopokea vipande na kuviunga. Bila seva hiyo hakuna kusokota, hata ukiwa na ruta ya bei ghali.

Utaratibu wa kazi hii upo tangu zamani kidogo. Mwaka 2013 IETF, chombo kinachoweka viwango vya intaneti duniani, kilichapisha utaratibu uitwao Multipath TCP, na mwaka huohuo kampuni ya Apple ikaanza kuutumia kwenye iPhone kwa huduma yake ya Siri. Leo kuna huduma za kulipia kila mwezi zinazokupa seva hiyo, na kuna programu za bure kama OpenMPTCProuter kwa wenye ujuzi wa kujipangia wenyewe. Jua pia kwamba data yako yote itazungukia kwenye seva hiyo kabla ya kufika iendako. Seva ikiwa mbali, utapata kasi kubwa ya kupakua lakini kila ubonyezo utachelewa kidogo kujibiwa.

HESABU YA KASI

Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, lakini ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo faili ya megabaiti 200 ni megabiti 1,600.

Tuseme saiba ina laini ya megabiti 10 kwa sekunde na nyingine ya megabiti 6. Faili ile ikipita laini ya kwanza itachukua sekunde 160. Ikipita ya pili, sekunde 267 hivi. Kwa njia ya akiba, itachukua sekunde 160. Kwa njia ya kugawana kazi, itakuwa 160 au 267, kutegemea imepangiwa laini ipi, lakini mteja wa pili atakuwa anapakua yake wakati uleule bila kumbana wa kwanza. Kwa kusokota, kasi ni megabiti 16 na faili itaisha kwa sekunde 100, angalau kwenye karatasi. Kwa kweli huzidi kidogo, kwa sababu kugawa na kuunga vipande kuna gharama yake.

LAINI MBILI ZISIWE NA MZIZI MMOJA

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Mtu ananunua laini ya pili, anajiona salama, na siku trekta linapokata waya barabarani zote mbili zinazimika kwa pamoja.

Tufanye hesabu nyingine. Tuseme laini ya kwanza hukatika siku 2 kati ya 30, na ya pili siku 3 kati ya 30. Kama hazihusiani kabisa, uwezekano wa zote mbili kukatika siku moja ni 2 mara 3, gawanya kwa 900. Hiyo ni siku moja kati ya siku 150, yaani kama mara moja kwa miezi mitano. Kwa laini moja ulikuwa ukipoteza takriban siku 10 katika miezi hiyo mitano. Hayo ni mabadiliko makubwa kwa biashara yoyote.

Lakini hesabu hiyo ni kweli tu ikiwa laini hazina kitu cha pamoja. Zikipita kwenye nguzo zilezile, zikitegemea mnara uleule, au zikichomekwa kwenye soketi moja ya stima, basi una laini moja uliyoilipia mara mbili. Jiulize maswali haya manne:

1. Je, kampuni ni tofauti? Kampuni mbili hazikosi huduma kwa sababu zilezile kila mara. Lakini usiishie hapo, kwa sababu kampuni tofauti zinaweza kukodi mnara mmoja au waya mmoja. Uliza fundi wa kila kampuni laini yake inapita wapi.

2. Je, aina ya laini ni tofauti? Faiba pamoja na simu ni jozi nzuri. Faiba pamoja na setilaiti ni jozi nzuri pia. Faiba mbili kwenye nguzo moja ni jozi dhaifu.

3. Je, minara ni tofauti? Kama zote mbili ni za simu, jaribu kuelekeza antena ya nje ya moja kwenye mnara wa upande mwingine. Mteremko wa mlima unaokuzuia kuona mnara mmoja mara nyingi hukufungulia mwingine.

4. Je, umeme una akiba? Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na tarehe 10 Desemba mwaka huohuo ikapotea tena. Siku kama hizo laini kumi hazikusaidii kama ruta yako haina betri. Ruta za kawaida hula umeme kidogo, na betri ndogo ya dharura au mfumo mdogo wa sola unaweza kuziwasha kwa saa kadhaa. Ukiweka laini ya akiba bila betri, umefanya nusu ya kazi.

NI IPI INAKUFAA?

Nyumbani na kwa simu. Huhitaji kununua chochote kipya kama simu yako inaingia laini mbili. Weka laini za kampuni mbili tofauti na uwe na bando dogo kwenye ile ya akiba. Kwa kawaida simu hutumia data ya laini moja kwa wakati mmoja, hivyo mtandao ukipotea ingia kwenye mipangilio na uchague nyingine. Ukiwa na kompyuta, washa hotspoti ya simu na uendelee. Anayefanya kazi za mtandaoni, au mwalimu anayetuma alama kwa KNEC, atavuka siku nyingi mbaya kwa njia hii peke yake.

Saiba na biashara. Kama una kompyuta tatu au zaidi, nunua ruta ya laini mbili. Hii ni ruta yenye matundu mawili ya kuingizia intaneti, au tundu moja la waya na jingine la kuchomeka modemu ya simu. Ipange kwa kugawana kazi ikiwa laini zote mbili hulipiwa kwa mwezi bila kikomo cha data. Kama ya pili ni ya bando, ipange kuwa akiba tu, la sivyo bando litaisha kabla ya jioni. Kabla ya kununua, piga hesabu ya hasara yako. Tuseme unahudumia wateja 20 kwa siku na kila mmoja huacha Sh150. Siku moja bila mtandao ni Sh3,000. Linganisha na gharama ya laini ya pili kwa mwezi, na jibu litajitokeza lenyewe.

Shule, vituo vya afya na vyama vya ushirika. Hapa kinachotakiwa zaidi ni uhakika wa huduma. Kituo cha afya kinachothibitisha kama mgonjwa amesajiliwa na SHA hakihitaji kasi kubwa, kwa maana kurasa hizo ni nyepesi. Kinahitaji laini isiyokosekana. Laini kuu moja, akiba ya aina tofauti na betri ya kuaminika vinatosha. Kusokota laini kunafaa pale tu kuna mikutano ya video isiyotakiwa kukatika, kama vile daktari wa kituo kidogo akishauriana na bingwa aliye mbali, au faili kubwa zinazotumwa kila siku.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, pima. Kwa wiki mbili andika kwenye daftari kila mara mtandao unapopotea: saa ngapi, kwa muda gani, na kama stima ilikuwapo. Pima kasi asubuhi, mchana na jioni. Daftari hilo litakuonyesha kama tatizo ni laini, ni stima, au ni watu wengi kutumia wakati mmoja. Wengine hugundua kwamba walihitaji betri tu.

Pili, jaribu kabla ya kulipa. Azima laini ya kampuni nyingine kutoka kwa rafiki, itie kwenye simu, na upime mahali hasa kompyuta zitakapokaa. Mtandao ulio mzuri barabarani unaweza kuwa dhaifu ndani ya jengo la mawe.

Tatu, nunua kifaa kilichoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, na ubadilishe neno la siri lililokuja nacho. Kwenye saiba hupita vitambulisho, PIN za KRA na vyeti vya watu. Ruta iliyoachwa na neno la siri la kiwandani ni mlango ulio wazi.

Nne, panga jinsi ruta itakavyojua laini imekufa. Hili hukosewa sana. Mara nyingi taa ya modemu huwaka kijani ilhali intaneti haipo, kwa kuwa kilichokatika kiko mbali. Ruta ikiangalia waya tu, itadhani mambo ni shwari na haitahama. Mwambie fundi aipange iulizie anwani mbili za mbali kila baada ya sekunde chache. Zote zikikosa kujibu mara kadhaa mfululizo, ndipo ihame.

Tano, ilinde akiba. Zuia masasisho ya kompyuta, video na upakuaji mkubwa visipite kwenye laini ya akiba. Iache kwa kazi za lazima: ritani, malipo, fomu na barua pepe.

Sita, jaribu kila mwezi. Chomoa waya wa laini kuu kwa makusudi, asubuhi kabla wateja hawajafika, na uone kama kazi inaendelea. Angalia pia kama bando la akiba bado lipo. Akiba haiozi, wahenga walisema, lakini bando huisha muda wake. Wengi hugundua siku ya dharura kwamba walilolitegemea lilikwisha kitambo.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Nimeweka laini mbili na sasa eCitizen au benki hunitoa nje katikati ya kazi. Kwa nini?
Tovuti hizi huangalia anwani unayotokea. Kama ombi la kwanza limepita laini moja na la pili limepita nyingine, tovuti huona kana kwamba ni watu wawili na hukufungia kwa usalama. Panga ruta ili kila kompyuta ibaki kwenye laini moja hadi imalize kazi, au tovuti hizo zipite laini moja kila mara.

Intaneti ikipotea, je, M-Pesa nayo hupotea?
Si lazima. Ile ya kubonyeza kwenye menyu ya simu hutumia mtandao wa kawaida wa simu na haihitaji data. Programu ya M-Pesa kwenye simu ndiyo kwa kawaida hutumia data. Mnara wenyewe ukizimika, zote mbili huweza kukosekana.

Je, setilaiti ni akiba nzuri huku mlimani?
Inaweza kuwa, kwa kuwa haitegemei nguzo wala minara ya karibu. Setilaiti za zamani hukaa kilomita takriban 36,000 juu ya dunia, ndiyo maana majibu huchelewa. Zile za Starlink, iliyoanza huduma nchini Julai 2023, huzunguka karibu zaidi na dunia, na hujibu haraka zaidi. Lakini sahani yake huhitaji anga wazi isiyozibwa na miti au mlima, mvua kubwa huweza kuipunguza nguvu, na hula umeme mwingi kuliko ruta ya kawaida. Pima betri yako kabla hujaitegemea.

Ninaishi karibu na mpaka, na bando langu huisha bila sababu. Kuna nini?
Wakaazi wa upande wa Cheptais na Lwakhakha wajue kwamba simu au modemu inaweza kushika mnara wa Uganda. Ingia kwenye mipangilio, zima matumizi ya data ukiwa kwenye mtandao wa kigeni, na uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuiacha simu ijichagulie.

Naweza kugawana gharama na majirani?
Ofisi mbili katika jengo moja zinaweza kukubaliana kusaidiana: wewe una faiba, mwenzako ana laini ya simu, kila mmoja awe akiba ya mwingine. Soma kwanza masharti ya kampuni zenu, maana baadhi hukataza. Kuuza intaneti kwa watu wengine ni biashara inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Huduma ni mbovu kila siku. Nilalamike wapi?
Anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi, na uhifadhi namba ya lalamiko. Isipokujibu ipasavyo, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Kenya. Daftari lako la wiki mbili ndilo ushahidi wako. Lalamiko lenye tarehe na saa lina uzito kuliko lile la "mtandao ni mbaya".

KWA KUMALIZIA

Anayetafuta kasi kwa kompyuta nyingi agawane kazi. Anayetaka faili moja kubwa iende haraka, au simu ya video isikatike, asokote laini na awe tayari kulipia seva. Wengine wote, na ndio wengi, wanahitaji laini ya akiba yenye mzizi tofauti, betri, na mtu wa kuijaribu kila mwezi.

Ukiwa mwenye saiba, kumbuka kwamba mteja aliye mbele yako huenda ametoka Chepyuk au Kopsiro na ana nauli ya kurudi nyumbani tu. Na ukiwa mteja, usingoje tarehe 30 Juni. Ritani hufunguliwa tangu Januari, na mwezi wa Machi hakuna foleni.